Mwanangu anasoma "keti" badala ya "kiti": nukta nundu kwa michezo, nakosea wapi?

#1 MamaWawili

Habari za wakati huu wakuu.

Nina binti wa miaka sita na nusu, haoni tangu kuzaliwa. Mwanga anaujua kidogo, kwamba upande huu kuna dirisha na ule hakuna, basi. Mwaka huu ameanza nukta nundu (breli, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) shuleni, nami nikasema siachwi nyuma. Nimepata kibao cha kuandikia na stailasi, ile sindano yake ya kutobolea, na karatasi nzito, najifunza usiku akishalala. Kidole cha shahada nimeshakitoboa mara mbili, ila alfabeti imeingia.

Mwalimu wake alinishauri niweke majina kwenye vitu vya nyumbani. Nikatoboa vikaratasi nikabandika: mlango, kabati, meza, kiti, dirisha, kitanda. Tukafanya mchezo. Namzungusha mara tatu, namwachia, anapapasa mpaka akute kikaratasi, anasoma kwa sauti. Akipatia, anachagua mimi nifanye nini. Nimeshabweka kama mbwa kuliko mbwa mwenyewe.

Sasa tatizo. Kwenye kiti anasoma "keti". Kila mara. Namwambia rudia, anarudia, "keti", halafu anaketi kweli. Kaka yake anagaragara kwa kicheko. Dirisha analisoma "firisha". Nikimwambia hakuna neno kama hilo ananijibu, "Ndivyo lilivyoandikwa." Kitanda, meza, mlango hakosi hata siku moja. Jana uvumilivu ukaniishia, nikamshika kidole nikakikandamiza pale: hii ni d, hii ni d! Akalia. Leo hataki kabisa kucheza.

Wenye uzoefu naomba msaada. Kuchanganya e na i, d na f, ni umri tu au kuna jambo lingine? Na nyie mnacheza michezo gani na watoto wenu?

#2 Msomaji_Kimya

Nimekaa mkao wa kusoma.

#3 BibiMwalimu

Mwanangu MamaWawili, pole, na hongera kwa kukesha na stailasi. Nimefundisha darasa la watoto wasioona miaka mingi, sasa nimestaafu.

Naanza na la kidole. Usimshike tena. Mtoto asiyeona, mikono yake ndiyo macho yake. Ukiikamata umemgeuza kichwa kwa nguvu atazame usipojua yeye anatazama nini. Weka mkono wako chini, wa kwake uwe juu ya wako. Wewe nenda kwenye herufi, yeye akufuate, akitaka kuondoa mkono auondoe. Kitu kidogo hiki, lakini kwa mtoto anayeogopa kugusa vitu vigeni ndicho kinachomfungua.

Kuhusu herufi: ulizozitaja ndizo zinazosumbua watoto wote. Seli moja ina nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Kushoto kutoka juu 1, 2, 3. Kulia 4, 5, 6. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, zinakaa kwenye nukta nne za juu tu, kwa hiyo lazima zifanane. e ni 1 na 5, i ni 2 na 4, mstari uleule wa mshazari ila mmoja umelala huku na mwingine kule. d, f, h na j kila moja ni ule mraba wa nukta nne uliong'olewa kona moja. Mtu mzima anayejifunza huchanganya vilevile.

Baada ya hapo ni raha. k mpaka t ni zile zile kumi, umeongeza nukta 3 tu. Kisha unaongeza na nukta 6 unapata u, v, x, y, z. w imeachwa nje ya mpango, kwa sababu Louis Braille aliyebuni maandishi haya alikuwa Mfaransa, na Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, nasi wenye wewe na wao na wawili inabidi tuishike peke yake.

Nilichokuwa nafanya: sikuanza na alfabeti kwa mpangilio wake. Nilianza na l na a. l ni fimbo iliyosimama, nukta 1, 2, 3. A ni nukta moja. Mtoto anasoma "lala" siku ya kwanza: fimbo, nukta, fimbo, nukta. Akirudi nyumbani anasoma neno zima, si herufi. Kisha baba, bibi, dada. e na i nilizitenganisha kwa wiki kadhaa, moja ikishakaa ndipo nalete nyingine." 

Mchezo mmoja: jaza mstari mzima l, katikati ficha a moja. "Kuna mtu amekaa kwenye foleni ya waliosimama, mtafute." Anajifunza kutambaza vidole kutoka kushoto kwenda kulia bila kupotea mstari, tena kwa wepesi. Ukimwona anasugua herufi juu na chini, huo ndio ugonjwa wa kuutibu mapema, maana ukishakuwa mazoea hata ukubwani anasoma kwa kukwama.

#4 FundiMbao

Mimi ni baba wa mvulana wa miaka mitano. Nilichukua kipande cha ubao, nikatoboa matundu sita, nikachonga vigingi sita. Anachomeka, anachomoa, anatunga herufi anayoitaka. Kabla ya hapo tulitumia trei ya mayai iliyokatwa ibaki na vishimo sita, na mipira midogo. Kwa kutambua ipi ni nukta ya 2 na ipi ya 5, sijaona kinachoshinda.

Kuna pia yale matofali ya LEGO ya breli. Wazo lao lina uhusiano na taasisi ya wasioona ya Dorina Nowill huko Brazil. Yalianza kupelekwa mashuleni 2020, na tangu Septemba 2023 yakaanza kuuzwa kwa kila mtu, kasha lina matofali 287. Vile vitufe vya juu ndivyo vinavyofanya herufi, na chini yake herufi ya kawaida imechapwa, kwa hiyo dada yake anayeona anacheza naye bila kuniuliza mimi kila dakika. Hilo la pili kwangu ndilo kubwa.

#5 VidoleKumi

Nasoma uzi huu kwa vidole, kwa hiyo naomba niongee kama mwenye mali.

FundiMbao, ubao wako mzuri, endelea nao, ila usidhani mwanao anasoma. Vigingi vinafundisha namba za nukta. Kusoma ni kitu kingine. Herufi ya breli ina kimo cha milimita sita hivi, inaingia yote chini ya ncha ya kidole kwa mara moja, nami siihesabu nukta zake kama wewe usivyohesabu mistari ya herufi A. Charles Barbier, Mfaransa mwingine, alikuwa na mfumo wa nukta 12 kabla ya Braille. Ulikuwa mrefu mno kwa kidole kimoja, ilibidi ukishushe kidole na kukipandisha ndipo uipate alama moja. Louis Braille alipoufupisha kuwa sita, mwaka 1824, alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 pale Paris, na kidole alichokuwa akikipimia kilikuwa chake mwenyewe. Wakubwa wenye macho walikuwa wanamsomesha herufi za kawaida zilizokuzwa na kuinuliwa, wakiona ndiyo huruma. Kwa hiyo kubwakubwa zichezewe, lakini siku hiyohiyo kidole kikutane na nukta za saizi yake.

Sasa MamaWawili. Shikamoo kwa BibiMwalimu, lakini naona mgonjwa siye. Mtoto anayechanganya e na i hukosea leo akapatia kesho. Huyu wako anakosea palepale kila siku. Kiti kina i mbili: ya mwisho anaisoma vizuri, ya mwanzo tu ndiyo "e". Dirisha lina i mbili, zote kapatia. Kitanda kina i na d, umesema mwenyewe hakosi.

Swali langu moja: kikaratasi cha kiti na cha dirisha, uliviandika siku ya ngapi tangu ushike kibao?

#6 Kidijitali

Samahani wakuu, sitaki kuharibu uzi. Lakini dunia ya leo simu inasoma kila kitu kwa sauti. Kwa nini mtoto ateseke na nundu? Mfundisheni kutumia simu mapema, maisha yaendelee.

#7 VidoleKumi

Kidijitali, nami simu yangu inaongea kutwa, na uzi huu ningeweza kuusikiliza. Lakini mtoto wa jirani yangu alilelewa kwa sauti tu, kichwa chake cha moto, hadithi anazisimulia mpaka unasahau kazi. Siku alipoanza kuandika kwa kompyuta akaandika "kwasababu" neno moja, "ngombe" bila kiritifali, na "hatakama" na "mpakaleo". Nani atamlaumu? Sikio halisikii nafasi kati ya maneno. Kwenye nukta nundu kiritifali ni nukta 3 peke yake, ndiyo inayotofautisha ng na ng', na huwezi kuijua mpaka uiguse.

Kingine, kusikiliza ni kusomewa. Wewe mwanao anayeona ungekubali asijue kusoma kwa kuwa kuna redio?

#8 BibiMwalimu

Marahaba VidoleKumi. Nimesoma swali lako nikajipiga paji la uso. Miaka yote ile darasani sikuliona. Tumsubiri mama.

#9 MamaWawili

Wakuu, nimerudi. Nimekaa chini kabisa.

Viwili hivyo ndivyo vya kwanza kuviandika. Siku ya kwanza na kibao. Vingine vyote nilifanya wiki iliyofuata.

Nimebandua kile cha kiti, nikakiinamisha kwenye taa ili vivuli vya nukta vionekane, nikafungua alfabeti pembeni. Nukta 1 na 3: k. Nukta 1 na 5.

1 na 5 ni e.

Kwa wasioelewa kama nilivyokuwa mimi: kibao kinatoboa karatasi kwa nyuma, nundu zinatokea upande wa pili. Kwa hiyo unaanza kuandika kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo. k nilikumbuka kuigeuza. i nikaisahau, nikatoboa 2 na 4 kama zilivyo kitabuni, na ukigeuza karatasi zinakuwa 1 na 5. Halafu t na i ya mwisho nikarudi kwenye akili zangu. Dirisha vilevile, d isiyogeuzwa inatokea f. Nimeliandika "firisha" kwa mkono wangu mwenyewe, nikambandikia, kisha nikamliza kwa kulisoma sawasawa.

"Ndivyo lilivyoandikwa." Aliniambia mtoto, tena kwa utaratibu.

Sijui nianzeje kesho asubuhi.

#10 FundiMbao

Anza kwa kumwomba msamaha, dada yangu, kisha umwajiri awe mkaguzi wako.

Na usijione mjinga. Huyo Louis mwenyewe aliumia jicho na msharasi akiwa na miaka mitatu, kwenye karakana ya baba yake aliyekuwa akishona matandiko ya farasi. Stailasi ni ndugu wa msharasi. Kila nikiushika nakumbuka.

#11 Uoni_Hafifu

Jamani uzi umenikuta na langu. Wangu ana miaka minane, anaona kidogo, na uoni unapungua, daktari amesema utaendelea kupungua. Ameanzishwa nukta nundu. Shida ni kwamba anazisoma kwa macho! Anapeleka karatasi dirishani, anailaza, anasoma vivuli kama MamaWawili alivyofanya kwenye taa. Shuleni wakataka kumfunga kitambaa usoni. Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nifanyeje?

#12 BibiMwalimu

Usimfunge. Mtoto anayejua macho yanamwacha, kitambaa kwake ni mazoezi ya jambo analoliogopa kuliko yote.

Ficha karatasi, usimfiche yeye. Chukua boksi, toboa matundu mawili ya mikono ubavuni, karatasi ndani, juu funika. Liite sanduku la siri. Ndani weka ujumbe wenye faida kwake: "angalia chini ya mto", na chini ya mto kuna ujumbe mwingine, mpaka afike kwenye kitu alichofichiwa. Wenye kuona nao waingize mikono, wasome kwa zamu yao, washindwe. Nimewahi kumwona mtoto wa aina ya wako akiwacheka wenzake wenye macho mazima kwa sababu mkononi mwake neno limefika na mwao halijafika. Baada ya hapo sikumsukuma tena.

Maneno yawe mafupi. Na usiku taa ikizimwa mwachie kitabu kitandani. Hakuna kinachomnyima mtoto usingizi kama ruhusa ya kusoma gizani ambayo nduguye hana.

#13 Msomaji_Kimya

Nimeacha ukimya. Mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, je? Shuleni kwa mdogo wangu wanayo, lakini mwalimu anawakataza kuigusa nje ya kipindi, eti wataiharibu. Ni sahihi?

#14 VidoleKumi

Mashine hizo zimekuwepo tangu 1951 na nyingine zimezeeka kuliko sisi na bado zinagonga. Haziharibiki kwa mtoto, haraka haraka zinaharibika kwa kukaa na vumbi.

Vitufe sita, kila nukta na chake: kidole cha shahada cha kushoto nukta 1, cha kati 2, cha pete 3, kulia 4, 5, 6. Katikati nafasi. Inatoboa kutoka chini, kwa hiyo nundu zinakuja juu papo hapo na hakuna kugeuza kitu, MamaWawili usinung'unike. Ni nzito, inakaribia kilo tano, na vitufe vyake ni vigumu kwa vidole vidogo. Ndiyo maana lazima aichezee kabla ya kuandikia. Mtoto anayeona amechorachora ukutani miaka mitatu kabla hajaandika a, hakuna aliyemwambia anaharibu penseli. Asiyeona naye achorechore. Agonge vyovyote, ajaze ukurasa, atoe karatasi apapase alichofanya. Mimi wa kwangu wa kwanza ulikuwa mstari mmoja wa seli zilizojaa nukta zote sita, nikauita treni. Nilikuwa nao mpaka nundu zikalala.

Tena kucheza kwa kupokezana: mmoja anagonga mlio wa "a", kitufe kimoja, mwingine "l", vitatu kwa pamoja. Ukizoea masikio yanaijua herufi kabla kidole hakijaifikia. Mwalimu wangu hakuwahi kuelewa tulivyokuwa tunaibiana majibu.

#15 Kidijitali

Nimesoma uzi wote. Ile ya "mpakaleo" imenigusa maana mimi naona na ninaandika hivyohivyo. Naondoka taratibu.

#16 MamaWawili

Wakuu, ripoti baada ya wiki mbili.

Nilimwomba msamaha asubuhi ileile. Aliniuliza, "Kwa hiyo mimi nilisoma vizuri?" Nikasema vizuri kabisa, mama ndiye aliyeandika vibaya. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama watu wazima huwa wanaandikiwa vibaya na wao wanaambiwa wamekosea. Sikuwa na jibu la haraka.

Dirisha nimeliandika upya. Kiti amekataa. Amesema kile kikaratasi ni chake na kibaki, na sasa kila mgeni anapelekwa kwenye kile kiti, anasomewa "keti", analazimishwa kuketi. Kazi ya ukaguzi anaifanya kwa ukatili: kila nitoboalo anapitisha vidole kwanza, na akikuta kosa ananirudishia karatasi bila kusema ni herufi ipi. Nitafute mwenyewe. Kwenye "kabati" nilitafuta robo saa.

Ushauri wa l na a tuliufuata, ingawa alikuwa ameshapita hapo. Shuleni wamemruhusu mashine wakati wa mapumziko, nilienda kuongea.

Sasa la juzi. Nimelala, mkono chini ya mto nakuta kikaratasi. Nikasema siwashi taa, nijaribu kama yeye. m niliipata. a niliipata. Mama. Neno la pili nikalitambaza mara tano sita, kidole changu kizito. k, a, k, a. Nikajua: mama, kaka. Nikalala nikiwaza kaka amemfanya nini tena, na asubuhi nikamwita kijana na kumhoji kabla hajanawa uso.

Binti akaja amejishika tumbo. "Siyo kaka, mama. Katikati kuna nukta, hukuigusa. Ni lala."

Kaka yake ndiye aliyecheka tena, ila safari hii kwa hasira.